Hukumu ya Ujira wa Anayefuatilia Fidia ya Mwenzake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Suala hili limekuwa likiulizwa na maimamu wa huku milimani Usambara, na sura yake ni hii. Mwalimu wa shule ya msingi, tuseme katika kijiji cha juu ya Mlalo, amefariki akiwa na mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa katika mshahara wake. Siku chache baada ya mazishi anakuja mtu kwa mjane na kumwambia: "Mama, marehemu ameacha deni la shilingi milioni sita. Mimi nina watu wangu mjini, nitalifuta lote. Wewe utanipa thuluthi." Mjane hana hata laki moja ndani ya nyumba. Ana shamba la kabichi na viazi na watoto wanne. Je, makubaliano haya yanasihi? Na huyu mtu, ambaye watu wa mjini humwita kishoka, chumo lake ni halali?

Ili hukumu ieleweke, yafaa kwanza tujue deni lenyewe limekaaje. Benki nyingi zinazokopesha watumishi kwa dhamana ya mshahara hukata, pamoja na mkopo, kitu kinachoitwa bima ya mkopo. Mkopaji akifa, au akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima huilipa benki salio lililobaki. Madai hayo hupelekwa na benki yenyewe, kwa sababu benki ndiyo inayolipwa. Kazi ya familia ni kuifikishia benki habari ya kifo pamoja na cheti cha kifo na karatasi chache za utambulisho. Hakuna ada ya kudai. Benki ikikaidi, yapo madawati: Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko chini ya Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, na kwa upande wa bima yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Sasa mtazame tena mjane wetu. Bima ikilipa, fedha zinakwenda benki. Mkononi mwake haiingii hata senti moja. Lakini kishoka anataka thuluthi ya milioni sita, yaani shilingi milioni mbili taslimu. Mama huyu atazitoa wapi kama si kwa kuuza shamba la mayatima? Ameondolewa deni ambalo kwa mkataba lilikuwa liondoke lenyewe, akatwishwa deni jipya ambalo marehemu hakulijua.

Turudi katika fiqhi. Asili ya kumwakilisha mtu katika kudai haki ni halali bila shaka. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) hakupenda kuhudhuria mashauri mwenyewe, alimwakilisha ndugu yake Aqil, na Aqil alipokuwa mtu mzima sana akamwakilisha Abdullah bin Ja'far, mtoto wa ndugu yake. Kumlipa mwakilishi nako ni halali. Ikiwa malipo yamefungwa na matokeo, bi maana "ukifanikiwa nitakupa, usipofanikiwa huna kitu", basi mkataba huo wanazuoni wameuita ju'ala. Dalili yao katika Qur'ani ni kisa cha kikombe cha mfalme katika Suratu Yusuf, aya ya 72, pale mpiga mbiu alipoahidi shehena ya ngamia kwa atakayekileta. Katika Sunna ni hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), ambapo Maswahaba walimsomea ruqya mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu kwa sharti la kupewa kundi la kondoo, na Mtume (S.A.W.) akalikubali jambo lao.

Lakini ju'ala ina masharti, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu tangu pwani hadi huku milimani, ameshurutisha ujira uwe unajulikana. Mtu akisema "atakayemrudisha mnyama wangu nitamridhisha", mkataba umefisidika, na aliyefanya kazi hupata ujira wa mfano tu, yaani kile ambacho watu hulipa kwa kazi kama ile. Kwa hiyo anayefuatilia fidia ya ajali ya basi kwenye kona za barabara ya Mombo na kusema "nipe robo ya kitakachotoka", hali hakuna ajuaye kitatoka kiasi gani, kwa madhehebu yetu ya Shafi mkataba wake haukusihi. Mahanbali wana nafasi zaidi: Ibn Qudama katika al-Mughni ametaja uwezekano wa kujuzisha kama ujira ni sehemu maalumu ya kitu chenyewe kitakachorudishwa, kwa kuwa kutojua huko hakuzuii kukabidhiana. Na taasisi ya viwango vya kisharia vya fedha ya Bahrain, AAOIFI, katika kiwango chake cha 15 kinachohusu ju'ala, imeutaja ukusanyaji wa madeni kuwa miongoni mwa matumizi yake. Basi suala la asilimia lina khitilafu, na sisi hatumwiti fasiki aliyefuata kauli ya Mahanbali katika fidia inayoingia mkononi mwa mdai. Ila thuluthi ya kishoka wetu haina nafasi hata huko, kwa sababu si sehemu ya kitu kilichorudishwa. Hakuna kilichorudi.

Sharti la pili ndilo zito zaidi. Mafakihi wa Kishafi wamesema kazi ya ju'ala lazima iwe na kulfa, yaani taabu na mashaka. Wakapiga mfano kama kwamba wanaishi zama zetu: mtu akisema "atakayenionyesha mali yangu ilipo nitampa kadhaa", kisha akaionyesha yule yule ambaye mali iko mkononi mwake, huyo hastahiki kitu, kwa kuwa kuionyesha ni wajibu juu yake, na wajibu haulipiwi. Na aliyeionyesha bila taabu yoyote naye hapati. Lakini aliyetoka akatafuta, akapanda na kushuka, huyo anastahiki.

Pima mambo yetu kwa mizani hiyo. Karani wa ofisi anayejua kuwa deni la marehemu lina bima, akamficha mjane, kisha akamtuma mwenzake nyumbani kwenda kuuza habari ile ile, hana ju'ala. Amekula rishwa, na katika mapokezi ya Imamu Ahmad laana ya rishwa inamfika mtoaji, mpokeaji, na anayetembea kati yao. Maneno "nina watu wangu" yakitamkwa mbele ya mjane, imamu na ayasikie kwa sikio hilo.

Kwa upande mwingine, tusiwadhulumu watu. Kushuka kutoka Mtae hadi Lushoto mjini, kisha pengine hadi Tanga, ni safari, nauli na siku za kazi zilizopotea. Kufuata cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo ni taabu ya kweli kwa mama aliye edani ambaye hajazoea ofisi. Kijana mwaminifu akimwambia: "Mama, kudai hakuna malipo. Ukitaka niende mimi, nilipe nauli na shilingi kadhaa kwa siku", huyo ameuza taabu yake naye ni mtu wa kheri. Wakili anayesimama mahakamani dhidi ya kampuni iliyokataa kulipa majeruhi naye ana elimu aliyoigharamia. Tofauti ya hawa na kishoka imo katika neno moja alilolificha: kwamba mlango uko wazi.

Kuficha huko ndiko ghushi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akaingiza mkono akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si katika umma wake, kama alivyopokea Muslim. Kishoka ameweka juu taabu ambayo haipo na akaficha chini njia ambayo ipo.

Wala asidhani msomaji kwamba haya ni maradhi ya watu wa milimani wasiojua ofisi. Huko Uingereza mabenki yaliwauzia mamilioni ya wateja bima ya mkopo ambayo wengi wao hawakuihitaji au wasingeweza kufaidika nayo. Yalipolazimishwa kurudisha, yalilipa zaidi ya pauni bilioni 38, na mwisho wa kudai ukawa tarehe 29 Agosti 2019. Kudai kulikuwa bure, kwanza benki yenyewe, kisha kwa msuluhishi wa fedha. Hata hivyo yakazuka makampuni ya kudai kwa niaba ya watu, yakipiga simu usiku na mchana, na baadhi yao yakikata robo ya malipo na zaidi, hadi Bunge lao likaweka sheria mwaka 2018 kuwa wasizidishe asilimia 20 kabla ya kodi. Jambo likajirudia katika mikopo ya magari: baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya huko ya tarehe 1 Agosti 2025, msimamizi wa fedha aliwaonya wananchi kuwa hawana haja ya kampuni yoyote, na wakiitumia wanaweza kupoteza zaidi ya asilimia 30 ya haki yao. Ndugu zetu Waswahili walioko huko nao wamo katika hao wanaopigiwa simu. Nao wana suala la ziada: fidia ya bima ile ililipwa pamoja na riba ya asilimia nane kwa mwaka. Kilichochukuliwa kwa dhulma ni mali yao warudishiwe. Ile nyongeza ya riba waitoe katika maslaha ya Waislamu bila kutarajia thawabu ya sadaka.

Yako madai mengine ambayo hayana hata asili. Mtu hakupanda basi lile, akaingizwa katika orodha ya majeruhi. Au alikopa kwa hiari, akasoma na akaelewa, kisha akafundishwa aseme alidanganywa. Hapa hatuzungumzii tena ujira kuwa mwingi au mchache. Katika Suratun Nisaa, aya ya 105, Allah (S.W.) alimkataza Mtume wake kuwa mtetezi wa wahaini, na wafasiri wametaja sababu yake: Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraya, akaitupia nyumbani kwa Yahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea. Wahyi ukashuka kumsafisha Yahudi. Na katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wagomvi kuwa yeye ni binadamu, huenda mmoja wao akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake akahukumiwa haki ya ndugu yake, basi anachokatiwa ni kipande cha moto. Kampuni ya bima si ndugu yetu, atasema mtu. Yahudi wa Madina naye hakuwa jamaa ya Tu'ma.

Limebaki suala la bima yenyewe. Majmaa ya fiqhi ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1985, ilipitisha kuwa bima ya kibiashara ya malipo maalumu ni haramu kwa sababu ya gharari iliyomo. Je, mjane aruhusu deni lifutwe kwa njia hiyo? Wapo wanaosema wenye uwezo wapunguze kiasi cha michango iliyokatwa kwa marehemu, kisha walipe rasilimali iliyobaki. Wengine wanasema mkataba ule ni wa benki na bima, na mdai aliyekwisha kulipwa hana haki ya kudai mara ya pili. Kwa familia ya mayatima isiyo na kitu tunaelemea kauli ya pili. Na riba juu ya mkopo haikuwa haki ya benki tangu mwanzo, kwani aya ya 279 ya Suratul Baqara imempa mdai rasilimali yake tu.

Tunarudi kwa maimamu, kwa sababu wao ndio wanaosimama mbele ya jeneza. Desturi yetu ni kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Ni desturi njema, maana Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua. Lakini tangazo hilo ndilo linalompa kishoka habari, na ile khofu ya roho ya marehemu kufungwa na deni ndiyo inayomfanya mjane akubali lolote. Imamu akisikia neno benki, na aulize hapo hapo: mkopo una bima? Nakala ya mkataba iko wapi? Nani katika familia ataipeleka? Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanafunzi wa sheria wanaswali katika misikiti yetu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Kumwita mmoja baada ya swala ya Ijumaa si jambo kubwa.

Ama mjane aliyekwisha kutia saini, ajue kuwa ju'ala si mkataba wa kufunga kabla kazi haijakamilika. Anaweza kujitoa leo. Ikiwa yule mtu alikwishaanza kufanya kazi ya kweli, alipwe ujira wa mfano wa alichokifanya: nauli yake, siku zake, nakala zake. Milioni mbili hazimo humo.

Wallahu a'lam.