Zulia la Paris na Ngozi ya Mbulu

Ukiingia katika duka la mazulia, Dar es Salaam au Arusha, muuzaji atakusifia kwanza nakshi. Hili ni la Kiajemi, atasema, na lile la Kituruki. Mnunuzi hukubali upesi, kwani tumekwisha kuzoea kwamba nakshi nzuri ni ile itokayo mbali. Katika mazungumzo yetu ya leo tutatazama nakshi ya hapa kwetu, ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Lakini kwanza hatuna budi kupitia Ulaya.

Mwaka 1925 yalifanyika jijini Paris maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo. Katika miaka hiyo wachoraji wa mazulia wa Ufaransa walikuwa wakiacha maua na majani ya kale, na kushika mistari, miraba na pembetatu. Mmoja wao, Ivan da Silva Bruhns, alijifunza mengi kutokana na mazulia ya Waberberi wa Morocco. Basi nakshi za Afrika zikatandikwa katika nyumba za matajiri wa Ulaya, nazo zikaitwa za kisasa.

Sasa turudi Mbulu. Wasichana wa Kiiraqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu, walikuwa na unyago uitwao marmo. Walikaa utawani kwa miezi kadhaa, wakifundishwa mambo ya utu uzima. Kazi mojawapo waliyoifanya humo ilikuwa kupamba sketi za ngozi kwa shanga, zilizoshonwa moja moja hadi zikafanya duara, mistari na pembetatu. Jirani zao Wabarabaig wa Hanang nao walikuwa na sketi yao ya ngozi, yenye vishada vingi vyembamba, vazi la heshima la mwanamke aliyeolewa.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni asili tupu isiyochanganyika na kitu. Sivyo. Shanga za kioo zilizoletwa na misafara ya biashara zilitengenezwa Ulaya, katika miji kama Venice na katika nchi ya Bohemia. Msichana wa Mbulu alichukua kitu cha mgeni, akakipanga kwa akili yake na kwa mafundisho ya wakubwa wake, kikawa chake. Bwana Bruhns naye alifanya vivyo hivyo Paris.

Je, tofauti yao ilikuwa nini? Ni jina tu walilopewa. Kazi ya Paris iliitwa usasa. Ya Mbulu iliitwa ushenzi. Marmo ilipigwa marufuku wakati wa utawala wa Waingereza, na pamoja nayo likatoweka darasa la kushona. Sisi wenyewe baada ya Uhuru hatukuwa na nafuu sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifanyika kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao, na vazi lolote la ngozi likahesabiwa kuwa aibu mbele ya watu wa mjini.

Matokeo yake ni kwamba sketi hizo leo zimo katika makumbusho ya ng'ambo na mikononi mwa wauzaji wa vitu vya kale. Kila inapouzwa moja bila maelezo, mnunuzi hupata ngozi na shanga, lakini maana ya nakshi hubaki kwa bibi kizee, naye akifa huzikwa nayo.

Hatusemi kwamba watu warudie kuvaa ngozi, wala kwamba marmo ifufuliwe. Tunasema kwamba nakshi zichorwe na maelezo yake yaandikwe. Maofisa utamaduni na walimu wa shule za Mbulu na Hanang wanaweza kuanza na wazee wa vijiji vyao wenyewe. Zikiwa zimehifadhiwa, wafumaji wetu wa mazulia na vitambaa watakuwa na pa kuchota, na wenyeji wa nakshi hizo wataweza kudai haki yao.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Mtumwa wa siku hizi huenda akawa ni yule anayenunua kwa bei kubwa, kutoka ng'ambo, kitu ambacho bibi yake alijua kukishona.