Kazi Bila Siri

Hapa Katangi tunaijua mwethya. Tukijenga bwawa la mchanga, kila mtu anaona nani amekuja na simiti imebaki mifuko mingapi. Kwa kazi ya mshahara mara nyingi hesabu zinafungiwa ofisini, na minong'ono inaanza.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi, isipokuwa kibarua na wengine wachache, apewe maandishi ya mshahara na makato yake. Tena kabla ya kufukuzwa kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo.

Huo ni mwanzo tu. Sisi tunaosimamia shule, zahanati na miradi, tukae na wafanyakazi kila mwezi, tusome hesabu pamoja, hasa pesa zikipungua. Anayejua ukweli atasaidia kubeba mzigo. Anayefichwa atashuku hata shilingi iliyotumika vizuri.