Karavani ya kusafiria

Karavani ni tela lililojengwa kama nyumba ndogo, ambalo huvutwa na gari na kutumika kama malazi wakati wa safari au likizo. Ndani yake kwa kawaida mna vitanda, meza, kabati, jiko la gesi na tangi la maji, na mara nyingi choo kidogo. Karavani haina injini. Ikifika kambini hufunguliwa na kuachwa hapo, na gari hubaki huru kwa matembezi.

Makala hii inaeleza mambo ambayo familia inapaswa kuyajua kabla ya kununua na kutumia karavani yake ya kwanza. Mifano imetolewa katika njia ya kutoka Arusha hadi Karatu na Hifadhi ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania.

Jina

Neno hili asili yake ni Kiajemi, ambako "karwan" lilimaanisha kundi la watu wanaosafiri pamoja. Kwa maana hiyo Kiswahili hutumia neno "msafara", kama misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Katika Kiingereza cha Uingereza neno lilihamia kwenye gari la kukokotwa lenye malazi, na maana hiyo ndiyo inayotumika hapa.

Historia

Karavani ya kwanza inayojulikana kutengenezwa kwa ajili ya mapumziko ni "The Wanderer", iliyojengwa nchini Uingereza mwaka 1885 kwa daktari na mwandishi William Gordon Stables. Ilikokotwa na farasi. Mwaka 1907 wapenzi wa safari hizo waliunda Caravan Club. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Eccles ilianza kutengeneza karavani za kuvutwa na magari. Nchini Marekani, kampuni ya Airstream ya Wally Byam ilipata umaarufu kuanzia miaka ya 1930 kwa karavani zake za alumini.

Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa karavani 41 na watu 106 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Afrika ya Mashariki na Ethiopia. Kusini mwa Afrika yameenea matela ya kulala yaliyoinuliwa juu na yenye chasi imara kwa ajili ya barabara za vumbi. Aina hiyo inafaa zaidi kwa mazingira ya Tanzania kuliko karavani nyepesi za Ulaya, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya lami.

Barabara ya Karatu na Ngorongoro

Kutoka Arusha hadi Karatu barabara ni ya lami, kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu. Mto wa Mbu uko karibu na Ziwa Manyara, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000. Baada ya hapo barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona kali. Mji wa Karatu, pamoja na kata jirani kama Ganako, uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,500. Lami huendelea hadi lango la Lodoare. Baada ya lango, barabara ya changarawe hupanda msituni mpaka ukingo wa kasoko, karibu mita 2,300. Sehemu hiyo huwa na ukungu, na wakati wa masika (Machi hadi Mei) huteleza sana.

Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Sakafu ya kasoko iko takriban mita 600 chini ya ukingo. Magari yanayoshuka yanatakiwa kuwa yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na njia za kushuka na kupanda ni nyembamba na zenye mwinuko mkali. Tela haliendi huko. Kwa sababu hiyo, mpango unaofaa kwa familia ni kuiacha karavani Karatu, kisha kwenda hifadhini asubuhi kwa gari peke yake na kurudi jioni.

Uzito

Ajali nyingi za karavani zina uhusiano na uzito, ama kwa kuwa umezidi au kwa kuwa umepangwa vibaya. Mnunuzi anapaswa kujua namba tatu: uzito wa gari, uzito wa karavani ikiwa tupu, na uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji. Kwa dereva asiye na uzoefu, ushauri wa kawaida nchini Uingereza ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari la kilo 1,900 basi lisivute zaidi ya kilo 1,615, hata kama kitabu chake kinaruhusu zaidi.

Nafasi ya mizigo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Karavani yenye uzito wa kilo 1,250 ikiwa tupu na kikomo cha kilo 1,500 inabakiwa na kilo 250 tu. Maji lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlishwa na chuma chake, unakaribia kilo 30. Betri ni karibu kilo 25. Hapo zimebaki kilo 115 kwa nguo, vyombo, chakula na matandiko ya familia nzima. Ni afadhali kusafiri na tangi tupu na kulijaza Karatu.

Vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli. Uzito unaokandamiza ndoano ya gari unapaswa kuwa takriban asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, mradi usivuke kikomo cha gari lenyewe. Kwa karavani ya kilo 1,500 hiyo ni kilo 75 hadi 105. Ukiwa mdogo mno, karavani huanza kuyumba huku na huku. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko.

Kukagua karavani iliyotumika

Unyevu ndani ya kuta ndio ugonjwa mkuu wa karavani kuukuu. Dalili zake ni harufu ya ukungu, madoa kwenye pembe na chini ya madirisha, na ukuta unaobonyea ukisukumwa kwa kidole. Rangi mpya ndani ya karavani ya zamani inaweza kuwa imepakwa kuficha madoa hayo.

Mambo mengine ya kukagua ni haya:

- Matairi. Mpira huzeeka hata kama tairi halijatumika sana. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: wiki na mwaka. Tairi lililozidi miaka saba libadilishwe.
- Breki. Karavani nyingi hutumia breki zinazokaza gari linapopunguza mwendo. Waya wa usalama, ambao hukaza breki tela likichomoka, lazima uwepo.
- Chasi na ekseli. Kutu na nyufa hutafutwa kwa kuingia chini ya karavani.
- Umeme. Tanzania hutumia volti 230. Karavani ya Japani imeundwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120, hivyo vifaa vyake huungua vikiunganishwa bila transfoma.
- Mlango. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, mlango unapaswa kuwa kushoto, ili watoto wasishukie barabarani.

Usajili na bima

Nchini Tanzania tela husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na huwa na namba yake lenyewe. Anayenunua lililokwisha kutumika nchini ahakikishe kwamba namba ya chasi inalingana na kadi kabla ya kulipa. Anayeagiza nje aulize kodi zote mapema, kwani bei ya mnadani si gharama yote. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwamba gari linavuta karavani.

Kuendesha

Gari lenye karavani huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na katika kona magurudumu ya tela hukata ndani. Vioo vya pembeni virefushwe hadi dereva aone nyuma ya karavani pande zote mbili. Kurudi nyuma hufanywa polepole, na usukani huanza kuzungushwa upande ulio kinyume na ule ambao tela linatakiwa kuelekea. Zoezi hili lifanyike uwanjani kabla ya safari.

Karavani ikianza kuyumba, dereva ashike usukani imara bila kupindapinda, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, na asikanyage breki kwa ghafla. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo kupanda kutoka Mto wa Mbu huhitaji gia ndogo na subira. Kurudi kuna hatari zaidi. Gia ndogo ichaguliwe kabla mteremko haujaanza, maana breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kushindwa kushika.

Hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa ndani ya karavani inapotembea.

Kambini

Kambi nyingi za Karatu zilijengwa kwa ajili ya mahema na malori ya watalii. Kabla ya kufika, inafaa kuuliza kama lango linapitisha tela, kama kuna mahali pa kugeuzia, na kama umeme upo. Karavani huwekwa mahali tambarare, magurudumu huzuiwa kwa kabari, kisha miguu ya pembeni hushushwa. Miguu hiyo ni ya kutuliza, haifanyi kazi ya jeki.

Usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi. Jiko la gesi au la mkaa halitumiki kupasha joto chumba cha kulala, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Matundu ya hewa yasizibwe, na blanketi nzito ndizo zitumike. Maji machafu ya jikoni na chooni humwagwa tu mahali palipoonyeshwa na wenye kambi. Chakula hufungiwa ndani, na watoto huambiwa wasitoke peke yao usiku. Kwenye kambi ya umma ya Simba, ukingoni mwa kasoko, wanyama wakubwa kama tembo na nyati huweza kupita katikati ya mahema.

Njia mbadala

Karavani hukaa bila kazi siku nyingi za mwaka, na inahitaji mahali pakavu pa kuhifadhiwa. Familia inayosafiri mara moja au mbili kwa mwaka inaweza kupata nafuu kwa kukodi hema Karatu au kutumia hema la juu ya gari, ambalo halihitaji kuvutwa. Kukodi tela kwa safari moja kabla ya kununua husaidia familia kujua kama gari lao linaliweza na kama wao wenyewe wanalipenda.