Filamu za 'sehemu ya pili': jina lile lile, mali hafifu

Mfanyabiashara wa mchele anayefika Ndungu, wilayani Same, hanunui gunia kwa kusoma maandishi yaliyo juu yake. Huchoma bambo, akatoa punje kiganjani, akaangalia ukavu, chenga na mchanganyiko, ndipo anapotaja bei. Lakini mtu huyo huyo akiweka akiba yake katika banda la kuonyesha filamu, huenda akanunua mbuzi kwenye gunia. Anakumbuka filamu ya kareti iliyojaza watu hadi mlangoni, anaona jina lake limetokea tena likiwa na namba 2, naye anatoa fedha bila kuuliza zaidi.

Kwa mwekezaji wa mji mdogo kosa hilo si dogo. Ndungu iko tambarare, chini ya Milima ya Upare Kusini, na ni mji wa mpunga. Mradi wake wa umwagiliaji wa hekta 680 ulijengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika mji wa kilimo fedha huja kwa msimu. Shilingi inayopotea wiki za mavuno hairudi mpaka mavuno mengine.

Mfano wa Hong Kong

Mfano unaoeleza vizuri biashara hii ni wa filamu ya Fearless Hyena, iliyotoka Hong Kong mwaka 1979. Ilikuwa filamu ya kwanza kuongozwa na Jackie Chan, ambaye pia ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu. Inahusu kijana mtundu ambaye babu yake anauawa, naye anajifunza mtindo wa kupigana kwa kucheka, kulia, kukasirika na kufurahi. Watazamaji waliipenda kwa sababu vichekesho vilikuwa ndani ya mapigano yenyewe, wala havikuwekwa pembeni kama kachumbari.

Mwenye kampuni alikuwa Lo Wei, mwongozaji wa The Big Boss ya mwaka 1971 na Fist of Fury ya mwaka 1972, filamu zilizompa Bruce Lee umaarufu. Lee alipofariki Julai 1973, Lo Wei alijaribu kumtengeneza Chan awe Lee wa pili, na mwaka 1976 akatoa New Fist of Fury. Haikufanya vizuri. Chan alipata soko lake mwaka 1978 tu, alipoazimwa na kampuni nyingine, Seasonal, akacheza Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Humo aliachwa acheze kwa mtindo wake mwenyewe wa kuchekesha.

Baada ya mafanikio ya mwaka 1979, Lo Wei alianza kutengeneza sehemu ya pili ya Fearless Hyena. Kazi ikiwa bado haijakamilika, Chan aliondoka na kujiunga na Golden Harvest, kampuni iliyotoa filamu yake ya The Young Master mwaka 1980. Lo Wei akabaki na mtaji uliokwisha kutumika, vipande vichache vya picha, na jina ambalo thamani yake ilikuwa inapanda kila mwaka.

Kwa hesabu ya mwenye mali, kutupa vipande hivyo ilikuwa hasara kamili. Filamu ikamaliziwa kwa kutumia watu wa kufanana na Chan pamoja na vipande vya picha za zamani, ikatolewa mwaka 1983. Wapenzi wa filamu hizo huihesabu miongoni mwa kazi dhaifu zinazobeba jina la Chan. Hadithi inaruka na nyuso zinafichwa, na vichekesho vimepwaya.

Kwa nini kichekesho hakiigwi

Pigano linaweza kufanywa na mtu mwingine akipigwa picha kwa nyuma, na mtazamaji asitambue. Kicheko hakiazimwi namna hiyo, kwa sababu kinakaa usoni na katika muda. Mchezaji anapochelewa nusu sekunde kuanguka, watu hawacheki.

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyozifanya filamu za Chan zisafiri mbali bila mkalimani. Mtazamaji wa Upareni asiyejua Kichina wala Kiingereza anamwelewa mtu anayekimbia huku kiti kimemnasa. Lakini bidhaa inayotegemea mwili wa mtu mmoja haina akiba ghalani. Mtu huyo akiondoka, kinachobaki ni lebo.

Soko lilishuhudia jambo hilo tena mwaka 1994. Chan alitoa Drunken Master II, miaka 16 baada ya ile ya kwanza, ikaingiza zaidi ya dola milioni 40 za Hong Kong katika majumba ya huko. Mwongozaji Lau Kar-leung, aliyekuwa ametofautiana na Chan wakati wa kuitengeneza, aliongoza Drunken Master III mwaka huo huo, safari hii bila Chan. Jina lilikuwa lile lile na mwongozaji ni bingwa wa mapigano, lakini filamu haikufikia sifa za ile ya pili.

Hivyo si kweli kwamba kila sehemu ya pili ni mbaya. Tofauti ilikuwa kwamba mwaka 1994 namba 2 ilikuja na mtu aliyeijenga biashara, na namba 3 ilikuja na jina peke yake.

Nani hubeba hasara

Mtengenezaji wa sehemu ya pili hupunguza gharama ya kutangaza, maana jina linajulikana tayari. Humuuzia msambazaji kwa nguvu ya jina, na msambazaji humuuzia mwenye banda kwa nguvu hiyo hiyo. Kila mmoja hupokea fedha kabla mali haijaonwa. Wa mwisho katika mnyororo ni mwenye banda, ambaye ndiye wa kwanza kukutana na mtazamaji aliyekasirika.

Chukua hesabu ya mfano. Banda lina viti 50 na kiingilio ni sh. 500. Filamu na haki ya kuionyesha vimegharimu sh. 15,000, na kila siku ya maonyesho umeme na msaidizi hula sh. 8,000. Kwa siku 3 gharama ni sh. 39,000.

Filamu nzuri inaingiza watu 50 siku ya kwanza, 45 ya pili na 40 ya tatu. Mapato ni sh. 67,500, na ziada ni sh. 28,500. Sehemu ya pili iliyo hafifu inaingiza watu 50, kisha 20, kisha 8. Mapato ni sh. 39,000. Mwenye banda amefanya kazi siku 3 bila kupata hata senti.

Ikumbukwe kuwa siku ya kwanza mabanda yote mawili yalijaa sawasawa. Siku hiyo hupima sifa ya filamu iliyotangulia, na ni siku ya pili inayopima mali iliyopo mezani. Kama mwenye banda angesimamisha maonyesho baada ya siku ya pili, angebaki na sh. 4,000. Siku ya tatu iliingiza sh. 4,000 na kula sh. 8,000.

Hasara nyingine haionekani daftarini. Mtu aliyetoka akinung'unika leo atauliza maswali kabla ya kulipa wiki ijayo, hata kama filamu ya wiki ijayo ni nzuri.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo

Kwanza, itazamwe filamu nzima kabla ya kulipa. Hilo ndilo bambo la biashara hii. Vipande vya kutangazia huchaguliwa kutoka mahali pazuri, kama mchele mweupe uliowekwa juu ya gunia.

Pili, yalinganishwe majina ya wachezaji na mwongozaji na yale ya filamu ya kwanza, si picha ya jaladani. Picha ya nyota inaweza kuwa kubwa jaladani na nyota mwenyewe akaonekana dakika chache.

Tatu, mkataba na msambazaji uwe wa kugawana mapato inapowezekana, badala ya malipo ya mkupuo. Msambazaji anayeiamini mali yake hatakataa kusubiri mlangoni.

Nne, haki zichunguzwe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kununua nakala hakumpi mtu ruhusa ya kuionyesha hadharani kwa kiingilio. Mwenye banda asiye na ruhusa anahatarisha mtaji wote kwa ajili ya filamu moja.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu inayotembezwa kwa sifa za iliyoitangulia yafaa itazamwe hadi mwisho kabla fedha ya mavuno haijatoka mfukoni.