Samaki wa bahari nyumbani: Kazi kubwa ni maji

MKAZI wa Siyu, kisiwani Pate, anayetaka kufuga samaki wa bahari nyumbani huenda akaiona kazi kuwa nyepesi, kwani mkono wa bahari unafika hadi penye ngome. Hata hivyo, mkono huo hupita kwenye mikoko na maji yake yana tope. Yafaa maji yatekwe bahari kuu, kisha yachujwe.

La pili ni uzito. Tangi la kioo lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kimo kama hicho hujaa lita 980, takriban tani moja. Liwekwe sakafu ya chini, si ghorofani juu ya boriti.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoiondoa huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na kichujio. Anayejaza samaki kabla ya hapo huwaua.

Umeme ukikatika, pampu husimama na samaki hukosa hewa. Hivyo betri ya akiba ni lazima. Maji yanayopungua kwa joto hujaziwa maji matamu, kwa sababu chumvi haigeuki mvuke.