Moyo Umezibwa, Mtoto Bado Anaugua

Watoto wengine huzaliwa na tundu katika moyo. Mtoto hunyonya kidogo, akachoka. Huhema na kutoka jasho. Haongezeki uzito. Mtoto wa Newala au Masasi akihitaji kupasuliwa moyo hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Wengi hupona. Lakini wapo ambao tundu limezibwa vizuri, na bado homa haikomi, au kidonda kinatoa usaha. Kwa nini?

Katika damu yetu mna chembe nyeupe. Hizo ndizo askari wa mwili. Lakini askari hazaliwi akijua kazi. Nyuma ya mfupa wa kifua, mbele ya moyo, mtoto ana tezi laini iitwayo thaimasi. Tezi hii ni kama jando. Vijana huingia jandoni hawajui kitu, hufundishwa, hutoka wamekomaa. Chembe nazo hufundishwa humo kumtambua adui, na kutoushambulia mwili wenyewe.

Basi, wako watoto wanaozaliwa na thaimasi ndogo sana, na moyo wenye kasoro pia. Katika chembe za mwili mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Ziko 46: 23 za baba, 23 za mama. Zina maagizo ya kuujenga mwili, kama kitabu. Kwa watoto hawa kipande cha kromosomu ya 22 hakipo, kama ukurasa uliochanika. Ukurasa huo ulikuwa na maagizo ya moyo na ya thaimasi.

Mtoto huyo aweza pia kushikwa na degedege, kwa sababu madini ya kalsiamu yamepungua katika damu. Hilo si shetani. Dawa yake iko hospitali.

Watu huanza kuulizana: ni ukoo wa nani? Wa mama? Katika watoto 10 wa namna hii, 9 hivi hawakurithi kwa yeyote. Kipande kilipotea tu wakati mbegu ya baba au yai la mama linatengenezwa. Lakini mwenye upungufu huu akizaa, kila mtoto wake ni kama kurusha sarafu: huenda akaupata, huenda asiupate.

Chanjo nyingi humfaa mtoto huyu. Chache zina vijidudu hai, kama ya surua. Hizo daktari huamua baada ya kupima damu. Ukimpeleka kliniki, mwonyeshe muuguzi karatasi za Dar es Salaam kabla ya sindano.