Suala la Sheria na Suala la Ukweli: Mahakama Kuu ya Bombay katika Migogoro ya Madai, Jinai na Kodi, na Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna Mahakama Kuu ya Bombay, mojawapo ya mahakama kuu 25 za India, inavyopokea na kuamua migogoro ya madai, jinai na kodi. Mashauri matatu yanatumiwa kama mifano: shauri la jamii ya Khoja la mwaka 1866, shauri la Nanavati la mwaka 1960 na shauri la Vodafone la mwaka 2010. Hoja kuu ni kwamba uzito wa mahakama hiyo hautokani na wingi wa mashauri yake, bali na mpaka unaowekwa kati ya suala la ukweli na suala la sheria, na kwamba mpaka huo huwekwa mahali tofauti katika kila aina ya mgogoro. Nchi za Afrika Mashariki zilirithi sheria zilizotokana na India, lakini ziliuweka mpaka huo kwa namna zao. Tofauti hiyo ina athari kwa watafiti wanaonukuu hukumu za India na kwa washauri wa sera wanaopanga ngazi za rufani.

1. Utangulizi

Mahakama Kuu ya Bombay ilianza kazi mwaka 1862, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama Kuu za India iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1861. Jina la jiji lilibadilishwa kuwa Mumbai mwaka 1995, lakini mahakama imebaki na jina lake la awali. Leo inahudumia jimbo la Maharashtra, jimbo la Goa na eneo la muungano la Dadra na Nagar Haveli na Daman na Diu. Mbali na makao yake makuu, ina matawi ya kudumu Nagpur, Aurangabad na Goa.

Kwa Afrika Mashariki, mahakama hii si ya ugenini kabisa. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, rufani kutoka mahakama ya kikonseli ya Uingereza huko Zanzibar zilipelekwa Bombay. Sheria za India nazo zilivuka bahari. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilitumika Kenya na Tanganyika hadi mwaka 1930. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961 iliandikwa kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ya mwaka 1963 na ile ya Tanzania ya mwaka 1967 zilichota kwa kiasi kikubwa katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Ndiyo maana hukumu za India bado husomwa katika mahakama za ukanda huu kama mwongozo, ingawa hazina nguvu ya kuzifunga.

2. Mamlaka ya mahakama kuu kwa jumla

Mamlaka ya mahakama kuu ya India yana sura nne. Ya kwanza ni mamlaka ya awali: Bombay, kama Kolkata na Chennai, ilirithi uwezo wa kusikiliza moja kwa moja baadhi ya mashauri ya madai ya jiji. Ya pili ni mamlaka ya rufani dhidi ya hukumu za mahakama za chini na mabaraza. Ya tatu ni mamlaka ya amri za kikatiba chini ya Ibara ya 226, ambayo humwezesha mtu kuhoji kitendo cha serikali au chombo cha umma. Ya nne ni mamlaka ya usimamizi juu ya mahakama na mabaraza yote ya eneo lake chini ya Ibara ya 227. Juu yake ipo Mahakama ya Juu, ambayo tafsiri zake za sheria huzifunga mahakama zote za India kwa mujibu wa Ibara ya 141.

Kutofautisha sura hizi ni jambo la lazima, kwa kuwa mgogoro uleule unaweza kufika mbele ya majaji kwa njia zaidi ya moja. Njia iliyotumika ndiyo huamua kama majaji wataupima ushahidi upya au watajibu suala la sheria peke yake.

3. Migogoro ya madai

Shauri la mwaka 1866, linalojulikana zaidi kama shauri la Aga Khan, lilisikilizwa na Jaji Joseph Arnould kwa mamlaka ya awali. Ndani ya jamii ya Khoja wa Bombay ulikuwepo mvutano: baadhi walidai kwamba jamii yao ni ya Kisuni na kwamba Aga Khan wa Kwanza hana haki juu ya mali na mambo yao, wengine walimtambua kuwa imamu wao. Ili kuamua nani ana haki juu ya mali ya jamii, mahakama ililazimika kwanza kuamua jamii yenyewe ni ya imani gani. Baada ya kupokea ushahidi wa historia, desturi na maandishi ya kidini, Jaji Arnould aliamua kwamba Khoja ni Washia wa Kiismaili wanaofungamana na maimamu wao wa kurithiana.

Athari za hukumu hiyo hazikuishia Bombay. Wafanyabiashara wa Khoja walikuwa tayari wamekwishajenga makazi Zanzibar na katika miji ya mwambao. Suala la nani ni mwanajamii halali na nani anasimamia mali ya pamoja liliwahusu nao, na baadhi ya waliojitenga waliunda baadaye jumuiya za Ithnaasheri. Hapa ndipo inapoonekana hatari ya mamlaka ya awali: mahakama ilipoamua suala la ukweli kuhusu historia, uamuzi huo uligeuka kuwa msingi wa utambulisho wa watu ambao hawakuwa mbele yake.

Kwa mashauri ya madai yanayoanzia mahakama za wilaya, mpaka ni mkali zaidi. Rufani ya kwanza huruhusu ushahidi kupimwa upya. Rufani ya pili, chini ya kifungu cha 100 cha Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1908, hupokelewa tu pale penye suala kubwa la sheria, na tangu marekebisho ya mwaka 1976 mahakama kuu inatakiwa kulitaja suala hilo waziwazi kabla ya kusikiliza rufani. Mkulima aliyeshindwa mara mbili katika mgogoro wa mpaka wa shamba hawezi kuomba mashahidi wake waaminiwe mara ya tatu. Hana budi kuonesha sheria ilipokosewa.

4. Migogoro ya jinai

Katika jinai, mpaka hulegezwa kwa makusudi, kwa sababu kinachopimwa ni uhuru na pengine uhai wa mtu. Mshtakiwa aliyehukumiwa na mahakama ya vikao ana haki ya rufani juu ya ukweli na sheria pia. Hukumu ya kifo haiwezi kutekelezwa mpaka mahakama kuu iithibitishe, hata kama mshtakiwa hakukata rufani. Majaji hupaswa kuupitia ushahidi wote wenyewe. Mahakama kuu pia ina uwezo wa kutoa dhamana na wa kufuta mashtaka yaliyofunguliwa kinyume cha haki.

Shauri la K. M. Nanavati linaonesha jinsi uwezo huo unavyofanya kazi. Mwaka 1959, afisa huyo wa jeshi la majini alishtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama ya vikao ya Bombay yenye juri. Wanajuri 8 kati ya 9 walimwona hana hatia. Jaji hakukubaliana nao, na kwa mujibu wa sheria ya wakati huo alilipeleka shauri Mahakama Kuu. Mwezi Machi 1960, Mahakama Kuu ilieleza kwamba juri lilikuwa limeelekezwa vibaya kuhusu sheria, ikaupima ushahidi upya, ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu iliidhinisha uamuzi huo mwezi Novemba 1961.

Mara nyingi husemwa kwamba shauri hilo peke yake ndilo lililomaliza juri nchini India. Kauli hiyo inahitaji tahadhari: juri lilikuwa likiondolewa hatua kwa hatua katika majimbo, na Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1973 haikulibakiza. Lililo wazi ni kwamba suala la ukweli lilihama kutoka kwa raia kwenda kwa jaji mtaalamu, na ukaguzi wa kazi ya jaji huyo ukawa jukumu la mahakama kuu. Kenya ilikutana na suala hilohilo ilipowaondoa wazee wa baraza katika mashauri ya Mahakama Kuu mwaka 2007. Mfumo unaomwondoa raia katika kuupima ukweli hauna budi kuwa na rufani kamili inayofikika.

5. Migogoro ya kodi

Katika kodi ya mapato, ngazi ni nne kabla ya Mahakama ya Juu: afisa mkadiriaji, kamishna wa rufani, Baraza la Rufani za Kodi ya Mapato lililoanzishwa mwaka 1941, kisha mahakama kuu. Baraza ndilo lenye neno la mwisho kuhusu ukweli. Chini ya kifungu cha 260A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961, kilichoanza kutumika mwaka 1998, mahakama kuu ilipokea rufani ndani ya siku 120 pale tu palipokuwa na suala kubwa la sheria, na ilisikilizwa na majaji wasiopungua wawili. Serikali nayo ilijiwekea kizuizi: kwa waraka wa Septemba 2024, idara ya kodi haipeleki rufani mahakama kuu, isipokuwa kwa sababu maalumu, ikiwa kodi inayobishaniwa haizidi rupia milioni 20.

Hata hivyo, shauri kubwa kuliko yote katika eneo hili halikupita katika ngazi hizo. Mwaka 2007, Vodafone ilinunua kwa takribani dola bilioni 11 za Marekani hisa za kampuni iliyosajiliwa katika Visiwa vya Cayman, ambayo kupitia kwayo ilipata umiliki wa kampuni ya simu ya India. Idara ya kodi ilidai kodi ya zaidi ya rupia bilioni 110. Vodafone ilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay kwa njia ya amri ya kikatiba, ikidai kwamba idara haina mamlaka juu ya mauziano yaliyofanyika nje ya nchi. Tarehe 8 Septemba 2010 mahakama iliikatalia, ikisema kwamba mauziano hayo yalihamisha pia haki zenye uhusiano wa kutosha na India. Tarehe 20 Januari 2012 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa kubadili sheria na kuirudisha nyuma hadi mwaka 1962. Mwaka 2020 jopo la usuluhishi la kimataifa liliipa Vodafone ushindi, na mwaka 2021 Bunge likaondoa madai ya aina hiyo ya miaka ya nyuma.

Uganda ilipitia njia inayofanana. Mwaka 2010, Zain iliiuzia Bharti Airtel ya India biashara zake za Afrika kupitia hisa za kampuni ya Uholanzi. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilitoa tathmini ya kodi, Mahakama Kuu ikaitengua, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikabatilisha uamuzi huo wa Mahakama Kuu. Nchi zote mbili zilijifunza jambo moja: sheria isiposema waziwazi, mahakama hulazimika kujibu suala ambalo lilikuwa la Bunge.

6. Maana yake kwa Afrika Mashariki

Kwanza, nafasi ya mahakama kuu katika kodi. Kenya na Uganda hupeleka rufani kutoka baraza la kodi hadi Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria, karibu na mfumo wa India. Tanzania huipita Mahakama Kuu: kutoka Bodi ya Rufani za Kodi, shauri huenda Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani kwa suala la sheria tu. Njia ya Tanzania ni fupi na huleta tafsiri moja kwa nchi nzima. Lakini huielemea mahakama ya juu kabisa mapema zaidi. Kizuizi cha kiasi cha fedha kinachowekwa kwa upande wa serikali, kama kile cha India, kinastahili kuchunguzwa na nchi zote.

Pili, matumizi ya hukumu za India. Tarehe 1 Julai 2024, India iliacha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872 na Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1973, na kuanza kutumia sheria tatu mpya zilizopitishwa mwaka 2023. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872 na Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1908 zimebaki. Hivyo, hukumu mpya za Bombay kuhusu mikataba zitaendelea kusemezana na sheria za Tanzania kifungu kwa kifungu, lakini zile za jinai na ushahidi zitafafanua matini ambayo Afrika Mashariki haina. Mwanafunzi amebaki na kitabu ambacho mwalimu amekiacha. Mtafiti atapaswa kulinganisha maneno ya vifungu kabla ya kunukuu, badala ya kutegemea undugu wa kale.

7. Hitimisho

Mashauri matatu yaliyojadiliwa yanaonesha mahakama moja ikifanya kazi tatu tofauti: kutafuta ukweli katika madai ya mwaka 1866, kuupima upya katika jinai ya mwaka 1960, na kutafsiri sheria katika kodi ya mwaka 2010. Ubora wa kila uamuzi ulitegemea kwa sehemu kama suala lililoamuliwa lilikuwa mikononi mwa chombo kinachostahili. Kwa hiyo, mageuzi ya ngazi za rufani katika ukanda huu yaanze kwa kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho juu ya ukweli, na ni nani mwenye neno la mwisho juu ya sheria. Idadi ya ngazi ifuate jibu hilo.